Kanzu Isiyo na Mshono

Maji yalikuwa yametuama chini ya mashine ya kufulia, na mashine yenyewe haikuwa imetiwa maji.

Shirin aliinama akayagusa. Yalikuwa baridi kuliko ya bomba, tena yaliteleza vidoleni.

"Hatim! Umeijaza mashine?"

"Nimeijaza saa ngapi?" mumewe alijibu kutoka chumba cha pasi. "Hata umeme sijauchomeka."

Enzi hizo za Mwingereza, mashine ya kufulia ilikuwa kioja mjini Arusha. Shirin na Hatim, wenye duka la dobi nyuma ya soko, waliinunua kwenye mnada huko Momela, shambani kwa Mzungu mmoja aliyeuza kila kitu na kurudi kwao kwa haraka isiyoeleweka. Ilikuwa inafua vizuri, ila iliguna kama mgonjwa. Hatim akaifungua ili aitibu. Kwenye mhimili wa pipa alikuta waya wa shaba uliopigwa mafundo, na katika kila fundo unywele mweusi. Alicheka, akaukata, akautupa mferejini. Alipoirudishia mashine, kuguna kulikoma, kuvuja kukaanza.

Walikaza boliti, ikavuja. Walipaka lami, ikavuja. Nashilu, mama wa Kimeru aliyefanya kazi nao tangu duka lifunguliwe, alichota yale maji kiganjani, akayanusa, akayamwaga upesi.

"Bi Shirin," alinong'ona, "haya ni maji ya ziwa la kwetu Momela. Lile ambalo ng'ombe hawalinywi."

"Ziwa litafikaje hapa?"

"Mimi sijui. Lakini pua yangu haijanidanganya."

Alasiri moja ya masika, ukungu wa Meru ukiwa umeshuka hadi kwenye mapaa ya mabati, Shirin alifunua mashine atoe mashuka ya hoteli. Akavuta kanzu. Ilikuwa nyeupe, ndefu kupita urefu wa mtu yeyote aliyemjua, na alipoigeuza huku na huku hakuona mshono hata mmoja. Hakuna mteja aliyeileta. Aliianika, ilichuruzika mpaka jioni bila kukauka, na udongo chini yake ukawa mweupe kwa magadi. Kesho yake kamba ilikuwa tupu. Kanzu ilikuwa imerudi ndani ya mashine.

Ndipo Hatim akashikwa na kiu. Alikunywa mtungi mzima, akahamia ndoo, na Shirin akamkuta amelala kifudifudi sakafuni akiramba maji yaliyovuja. Tumbo lilimvimba, ngozi ikawa baridi kama samaki, akalazwa kitandani macho wazi. Kisha kinywa chake kikafunguka, nayo sauti iliyotoka ilikuwa nzito na ya mbali, kama ya mtu anayesema akiwa kisimani:

"Nguo yangu. Nani anafua nguo yangu?"

Fatmabai, mama yake Hatim, hakusubiri kuambiwa. Alimleta Maalim mmoja mwenye sifa ya kutoa majini. Maalim alifukiza ubani, akasoma, akauliza, akasoma tena. Alipotoka chumbani, kilemba kilikuwa kimelowa jasho.

"Huyu ni mkubwa," alisema kwa sauti ya chini. "Alifungwa kwa ule waya. Mmemfungua, na sasa hapa ameshapafanya kwake. Hatoki. Ila amekubali sharti. Kila Ijumaa mkewe amfulie kanzu yake, maisha yake yote, na akifa, binti yake ashike zamu. Hapo mumewe atapona."

"Kubali, mwanangu," Fatmabai alimshika Shirin mkono. "Kufua ni kazi yako. Kanzu moja ni nini?"

Shirin alimtazama mkwewe. Alikuwa na mimba changa ambayo hakuwa amemwambia mtu, hata Hatim. Basi yule jini alijuaje habari ya binti? Hofu ilimpanda kutoka nyayoni, ikafika kifuani, na ilipofika pale ikageuka kuwa hasira.

"Mama, nisamehe. Mimi ni dobi wa mji huu, tena kwa hiari yangu. Kijakazi wa jini sitakuwa, wala mtoto wangu hatakuwa."

"Utamuua mwanangu!"

"Nitamrudisha. Nashilu, nipe spana. Njoo unishikie."



Shirin aling'oa waya wa umeme ukutani. Alisema Bismillahi, akazamisha mikono ndani ya pipa akaivuta ile kanzu, nayo ikamjia nzito kama mtu aliyezirai. Akaingiza ncha ya mkono wa kanzu katikati ya roli mbili za mpira za kukamulia nguo, zilizokuwa juu ya mashine, akashika mpini.

"Ukijileta kama nguo," alisema, "utakamuliwa kama nguo."

Akazungusha. Kanzu ikajikunja, ikajinyonga, mkono wake wa pili ukamrukia shingoni, ukamkaba kwa ubaridi uliopenya hadi kwenye meno, na harufu ya matope ya ziwa ikajaa chumba kizima, na kutoka kwa Hatim mlango wa pili kukaja ukelele uliofanya vioo vilie, na Nashilu akiomba kwa Kimeru, machozi yanamtoka, akauvamia ule mkono na kuubandua kidole kwa kidole ingawa haukuwa na vidole, huku Shirin akizungusha, akizungusha, mpaka maji meupe yakabubujika kama damu ya ng'ombe aliyechinjwa.

"Niache!" sauti ikalia, sasa ikitoka ndani ya kitambaa. "Nitakwenda wapi?"

"Ulikuwa na ziwa zima. Apa kwamba utarudi huko!"

"Naapa!"

"Kwa nani?"

"Kwa pete ya Suleiman! Naapa!"

Alikamua mpaka upindo. Ulipopita, hapakuwa na kanzu tena, ila maji sakafuni. Na yale maji hayakwenda mferejini. Yalijikusanya, yakarudi taratibu kuelekea chini ya mashine, pale palipokuwa pakivuja.

"Muongo!" Shirin alifoka. Alijitupa chini, akafungua boliti za kitako, akapapasa gizani mpaka akaupata mpira wa kuzuia maji yasivuje. Siku ile alipoifungua mashine, Hatim alikuwa ameurudisha kichwa chini, mgongo umekuwa tumbo. Akauchomoa, akaugeuza, akausukuma mahali pake kwa dole gumba, akakaza boliti huku maji yakimpanda kifuani, yakimfika kidevuni. Yaligonga lile pipa mara kwa mara, kama mtu aliyefungiwa nje.

Halikufunguka.

"Fagio!" alipiga kelele, na Nashilu akayafagia yale maji kwa matusi ambayo Fatmabai hakuwahi kuyasikia, hadi mlangoni, hadi mferejini, na mvua ikayasomba.

Chumbani Hatim alitapika maji, akavuta pumzi, akauliza kwa sauti yake mwenyewe kwa nini mama yake analia.  Fatmabai alikwenda kumwinua Shirin sakafuni, akamfuta uso kwa ncha ya ridaa aliyojitanda.

Mashine haikuvuja tena. Masika yakaisha, mlima ukaonekana, na tumbo la Shirin likaanza kuonekana pia. Asubuhi moja alifungua bomba ajaze ndoo. Maji hayakutoka. Badala yake, ndani kabisa ya bomba, sauti ya upole ikaita jina: si lake, bali lile alilokuwa amemchagulia mtoto moyoni, ambalo hakuwahi kulitamka.

Nashilu aliganda. Shirin aliweka ndoo chini, akalipiga bomba kwa spana mpaka kutu ikapukutika.

"Nani?"

Kimya.

"Basi nyamaza hivyo hivyo," alisema. "Tuna kazi hapa."

Akasubiri, mkono juu ya bomba, mpaka maji yakatoka.