Mistari Minne ya Mama Mdogo

Kti-kti-kti. Giza la alfajiri lilikuwa bado limejaa chumbani, na kigololi kilikuwa kinagonga ndani ya kichupa.

"Nani anatikisa nini huko?" Mama aliuliza kutoka jikoni, alikokuwa anawasha mkaa.

"Naangalia kama wino wangu umebaki, Mama."

Ulikuwa umebaki kidogo sana. Shukrani akatabasamu, akakirudisha kichupa cha wino mweupe wa kufutia kwenye mkoba wa shule. Wino mwingi ulikuwa umeishia kwenye kazi nzuri aliyoifanya jana, nayo ilikuwa bado siri.

Shukrani alisoma darasa la sita, huku Itetemia, pembezoni mwa mji wa Tabora. Mwandiko wake ulisifiwa shule nzima. "Daftari chafu halinipiti mimi," mwalimu wake wa hisabati, Mwalimu Vedasto, alipenda kusema. Daftari la Shukrani halikuwa na hata neno moja lililokatwa.

Mwezi huo mama yake mdogo, Apolinaria, alikuwa amerudi nyumbani. Alikuwa rubani wa ndege ndogo Mwanza, na sasa alikuwa ameitwa Dar es Salaam kufanyiwa usaili na shirika lenye ndege kubwa. Basi lake lilikuwa la kesho. Meza ya sebuleni ilijaa leseni, cheti cha afya, vyeti vya shule na barua. Lakini kilichoheshimiwa kuliko vyote kilikuwa kitabu kirefu chenye jalada jeusi. Humo aliandika kila safari aliyorusha: tarehe, ndege, alikotoka, alikokwenda, saa na dakika.

"Hiki ndicho kitakachonisemea," alimwambia Shukrani siku aliyofika. "Tazama hapa. Tabora hadi Kigoma, saa moja na dakika kumi. Babu zetu waliikata njia hiyo kwa miguu hadi Ujiji, mizigo mabegani, wiki kwa wiki."

"Na hawakupewa soda njiani!"

Walicheka. Lakini Shukrani aliona kitu kilichomuuma. Kwenye ukurasa mmoja, mistari minne ilikuwa imekosewa. Namba zilikatwa, namba nyingine zikaandikwa juu yake, pembeni saini ndogo. Kitabu kizuri hivi, kichafuliwe! Basi jana, Mama Mdogo alipokwenda mjini kutoa kopi, Shukrani alizipaka wino mweupe zote, akasubiri zikauke, akaandika namba sahihi kwa mwandiko wake bora.

Baada ya chai, Mama Mdogo alianza kupanga karatasi zake. Alifungua kitabu, ukurasa huu, ukurasa ule. Mkono wake ukasimama.

"Dada Martha, njoo. Kuna mtu amepaka wino mweupe kitabu changu."

Shukrani, aliyekuwa amejiandaa kusifiwa, alihisi tabasamu linamkauka usoni.

Mama aliinama kutazama. "Namba si zilezile?"

"Ni zilezile. Lakini sisi hatufuti, dada. Ukikosea unakata mstari mmoja tu, kosa liendelee kusomeka. Unaandika namba sahihi, unatia saini. Ukifunika, watasema umejiongezea saa za kuruka. Watanirudisha mlangoni!" Akakaa kitini kama mtu aliyechoka ghafla. "Kitabu hiki kililala ofisini kwetu Mwanza wiki nzima kikisubiri mihuri. Ni yule karani, Sabiri. Nani mwingine?"

Akachukua simu.

Mama alimtazama Shukrani. Aliikumbuka ile kti-kti ya alfajiri. Akangoja aseme mwenyewe.

Kichupa kilikuwa ndani ya mkoba. Shukrani angeweza kuaga na kwenda shule.

"Sabiri, habari za asubuhi. Kaka, umenifanya nini..."

"Mama Mdogo, si yeye!" Shukrani alikiweka kichupa mezani. "Ni mimi. Nilitaka kipendeze."

Kwenye simu sauti iliita, "Haloo? Nimekufanya nini, Kapteni? Hata chai sijanywa!"

Mama Mdogo alipumua. "Hujanifanya kitu, kaka. Nisamehe, nilikuwa karibu kukuonea. Sasa nisaidie. Nipigie picha kitabu cha ndege, kurasa za siku nne nitakazokutajia."

"Nipe nusu saa."

Kila ndege nayo huandikiwa safari zake, kwa hiyo picha zilipofika, dakika zilionekana wazi, sawasawa na zile zilizopakwa. Mama Mdogo aliandika ukurasa mmoja wa maelezo, akataja mistari minne, nani aliyeipaka na kwa nini. Kisha akamvuta Shukrani karibu.

"Ulitaka kunipamba, ee?"

"Ndiyo."

"Umenipamba, mwanangu, mpaka nikakosa pumzi. Haya, weka jina lako hapa."

Shukrani aliandika jina lake chini ya karatasi. Mara hii mwandiko haukunyooka.

Siku sita zilipita. Jioni moja simu ya Mama iliita, naye akaiweka sauti ya juu.

"Wamenichukua!" Mama Mdogo alipiga kelele. Mama akapiga vigelegele hadi jirani akachungulia uani. "Shukrani yupo? Sikiliza, mwanangu. Kapteni mmoja mtu mzima aliufikia ukurasa wetu. Aliusoma, akalinganisha na zile picha, akaniambia, 'Wino huu ungekuja bila karatasi hii, tungeagana leo.' Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama Mdogo."

"Kila mtu hukosea, hata rubani. Kosa ukiliacha lisomeke, watu watakuamini. Ukilifunika, watajiuliza kuna nini kingine chini yake. Na siku ile ungenyamaza, Sabiri angebeba mzigo usio wake."

Kesho yake darasani, Shukrani aliandika kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Mkono ukaelekea kwenye mkoba, ukasimama. Akachukua rula, akakata mstari mmoja, akaandika hamsini na sita.

Mwalimu Vedasto alikuwa anapita kati ya madawati. Alisimama kwake, nyusi zikapanda.

"Leo umekwisha," Najiat, aliyekaa naye dawati moja, alimnong'oneza.

Shukrani alisimama wima.

"Mwalimu, hapa nilikosea."