Aliyeitikia Jina la Makombo

Asubuhi ya kwanza Lu Wanzhen alipoita majina darasani, sauti ya mtoto mmoja iliitika kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

Wanzhen na mwenzake, Ke Mingyuan, walikuwa wanafunzi wa chuo waliokuja kujitolea kufundisha wakati wa likizo ya kiangazi katika kijiji cha Heishuiping, katika milima ya mkoa wa Guizhou. Shule ilikuwa chumba kimoja cha mawe kilichoegemea mwamba wenye pango, na ndani ya pango mlikuwa na dimbwi jeusi. Wazazi wengi walikuwa viwandani pwani. Watoto walilelewa na babu na bibi zao.

Mtoto huyo aliitwa Gousheng, yaani Makombo ya Mbwa. Kijijini humo mtoto wa pekee hupewa jina la takataka ili asitamaniwe na wasioonekana. Jina lake halisi, Pan Jingchu, halikuwa likitamkwa nje ya nyumba.

Wanzhen hakulivumilia jambo hilo. "Katika darasa langu hakuna makombo," alisema, akalitoa jina halisi kwenye daftari la shule na kuliandika ubaoni. "Pan Jingchu!"

"Nipo!"

Watoto walicheka. Makombo alikuwa ameduwaa, midomo imefumbwa. Sauti ilikuwa yake, ila ilitoka nyuma ya ukuta, upande wa pango.

"Mwangwi huo," alisema Mingyuan. "Mwalimu mzima unaogopa mwangwi?"

Tangu hapo, kila jina hilo lilipoitwa, sauti ile iliwahi zaidi, naye Makombo akazidi kukaukiwa na yake. Nywele zake zilinuka tope hata baada ya kuoshwa. Kisha asubuhi moja vichwa vya kuku vilikutwa juu ya madawati, kimoja kwa kila mtoto, vimenyofolewa bila kisu. Dawati la Makombo peke yake lilikuwa tupu.

Bibi Shi, nyanya yake, alikuja hadi mlangoni.

"Mwalimu, nani kakuruhusu kulitoa nje jina la mjukuu wangu?"

"Bibi, ni jina zuri."

"Uzuri wake ndio balaa! Lifute. Mwite Makombo, mwite hata Kinyesi, mradi aitike yeye."

"Kinyesi, njoo usome," alinong'ona Mingyuan, na watoto wakaangua kicheko.

Wanzhen alijibu kwa upole kwamba hakuna mtoto anayekua vizuri akiitwa mabaki ya mbwa. Hakufuta.

Adhuhuri ya Ijumaa ukungu ulishuka hadi madirishani. Makombo hakuwa kitini pake. Wanzhen alisimama mlangoni akaita kwa nguvu zake zote, "Pan Jingchu!"

"Nipo, mwalimu," ilijibu sauti sikioni mwake. "Na huyu sasa ni wangu."

Ubao ukapasuka katikati. Mingyuan, aliyekimbilia pangoni akiwa bado ameshika chaki, alirushwa nje kama gunia, na mkono wake ulipogonga mwamba mfupa ulichomoza kwenye nyama, akabaki akipiga mayowe kwenye matope huku watoto wakipanda madirishani na kukanyagana. Wanzhen aliingia. Aliona kitu chenye mikono mirefu iliyovimba kama maiti ya majini, kisicho na uso ila mdomo, kimemshika Makombo mguu na kumburuta kichwa chini kuelekea dimbwini, na damu ya mtoto ikachora mstari juu ya jiwe. Alimdaka mabega, akavuta, na kile kitu nacho kikavuta, hata akasikia nyonga ya mtoto ikiteguka chini ya vidole vyake, na Makombo akaachama kulia lakini kilio kikatoka katika mdomo wa kile kitu.

Bibi Shi alifika na jogoo na panga. Alimchinja jogoo palepale akaimwaga damu dimbwini. "Hapa hakuna Jingchu!" alifoka. "Huyu ni Makombo! Mbwa kamtapika! Mwachie!"

"Nimeitiwa jina," kilisema. "Sirudi mikono mitupu."

Mguu wa mtoto ulianza kuchanika. Wanzhen akalia, "Lu Wanzhen! Chukua langu! Mimi ni Lu Wanzhen!"

Kikamwachia mtoto, kikaukamata mkono wa Wanzhen na kuutia mdomoni. Bibi Shi alishusha panga, si juu ya kile kitu, bali juu ya vidole viwili vya Wanzhen vilivyokuwa ndani ya ule mdomo. Kile kitu kikazama navyo, na dimbwi likajifunga.

Jioni, akimfunga vitambaa, Bibi Shi alisema, "Kuanzia leo wewe ni Ndoo Mbovu. Mjukuu wangu umemlipia."

"Na nikiitwa lile jingine, bibi?"

"Usiitike, mwanangu. Ukiweza, usiwepo."

Makombo alipona, ingawa anachechemea. Wanzhen alirudi chuoni, akawaomba rafiki zake wote wamwite Ndoo. Walidhani ni mzaha wa mlimani.

Siku ya mahafali mama yake alikuja kutoka mbali, na Wanzhen hakuwa na moyo wa kumwacha peke yake ukumbini. Msomaji wa majina alifika kwenye jina lake.

"Lu Wanzhen!"

Alifumba midomo.

"Nipo!"

Sauti ilikuwa yake kabisa. Ilitoka chini ya jukwaa, pamoja na harufu ya tope. Mama yake alipiga makofi, akitabasamu kwa fahari, na kuanza kusogea mbele ili ampige picha. Wanzhen alifungua kinywa amwambie mama arudi nyuma, na hakikutoka kitu. Mbao za jukwaa zikaanza kupasuka.