Kagwe Alivyovuliwa Bwawani

Ilianza na suruali ya mpira. Kagwe aliivua mlangoni, akamwaga maji yaliyokuwa ndani, na yale maji yakakataa kukauka. Wayua, mkewe, alipiga deki, akatandaza gunia, akaacha mlango wazi jua la mchana liingie. Wapi! Sakafu ya simiti ilitoka jasho kama kwapa la mwoga, na jasho lenyewe lilinuka tope.

Na mwoga mwenyewe alikuwa amekaa kochini, mdomo wa chini umevimba kama andazi.

Huyo Kagwe, ili umjue, ni kinyozi hapa Makongeni, mdomo mrefu kuliko mkono. Samaki aina ya ngege wamejaa sokoni, wamekaangwa tayari, lakini yeye alitazama video za Wazungu kwenye simu hadi akajiona mmoja wao. Akaagiza fimbo ya kuvulia inayong'aa, kisamaki cha plastiki chenye ndoana tatu tumboni, na hiyo suruali inayofika kifuani. Akawa anaenda kwenye bwawa la shamba moja la kahawa kule Ruiru, na akifika kazi ni kuwacheka wanaume wenye minyoo ndani ya kopo. "Mnyoo ni chakula cha kuku," anawaambia. "Mwanamume huingia kwenye maji, akamfuata samaki kwake!"

Basi siku hiyo alimfuata. Wayua aliipata habari kwa Kimeu, mmoja wa hao wa minyoo, aliyemleta mgonjwa nyumbani na sasa alikuwa anakunywa chai huku anajizuia kucheka.

"Aliingia hadi kiunoni, Mama Ciku. Akarusha kile kidude, kikanasa chini. Akavuta kama anayevuta ng'ombe. Kikang'oka, kikarudi mbio, kikamshika mdomo."

"Mdomo wake mwenyewe?"

"Wa chini. Akateleza, suruali ikajaa maji, fimbo ikamtoka. Kichwa kikichomoza ni 'Maitũ! Maitũ!' tu, anamlilia mamake. Halafu akapiga nduru: 'Atakayenitoa achukue chochote kilicho nyumbani kwangu!'"

"Na wewe ukamtoa. Mungu akubariki."

Kimeu aliweka kikombe chini. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Mimi sijui kuogelea, mama. Nilisimama tu. Ule mshipi wa ndoana ulikaza wenyewe, ukamkokota kwa mdomo hadi kwenye nyasi, kama kuna mtu amesimama hapo anauvuta. Na kwenye nyasi hakukuwa na mtu."

"Wacha uongo wa kijiji," Kagwe alisema kutoka kochini. Lakini alisema kwa sauti ndogo.

Kesho yake aliyemtoa majini alikuja kuchukua. Lilikuwa jini, na jini lenyewe lilikuwa na maringo. Vifuniko vya sufuria viliinuliwa, vikaangushwa. Televisheni ya Kagwe, ile aliyoonyesha mtaa mzima, ilikutwa imetemewa tope. Kuku wa Wayua alinyanyuliwa kwa bawa mchana kweupe, akageuzwa huku na huku hewani kama anayenunuliwa, akaachiliwa aanguke. Kisha zikasikika nyayo za maji, chwa, chwa, chwa, zikitoka jikoni, zikipita sebuleni, kila siku karibu zaidi na chumba alikolala Ciku, mtoto wao wa miaka mitatu.

Waombaji wa kanisa walikuja. Wakaimba ubeti mmoja, viatu vikalowa, wote wakakumbuka wana mkutano mwingine.

Ciku akaamka usingizi wa mchana nywele zimesukwa, tena vizuri, kwa majani ya bwawa.

"Nani amekusuka, mami?" Wayua alinong'ona.

"Yule wa maji. Ananiuliza kama nataka kwenda kwao."

Jioni hiyo stima zikapotea. Wayua alikuwa amembeba mtoto mgongoni, anapapasa ukuta akitafuta mshumaa, na ukuta ulikuwa baridi na unateleza kama tumbo la samaki, na ile harufu ya tope ilikuwa imepanda hadi anaionja ulimini, ndipo akasikia mumewe ananong'ona gizani na mtu asiyejibu, anabembeleza kama anayeuza shati kuukuu, anasema, "Mtoto wa nini, hata kuosha kikombe hajui, mchukue mama yake, ana nguvu, anapika, hana kelele, mimi niache tu," na yule asiyejibu akacheka, kicheko cha maji yanayoingia kwenye chupa.

Asubuhi Wayua alitoka nje na mtoto mgongoni. Alimpigia simu Mzee Mutie, mganga wa kwao kule mashariki ya Thika.

Mutie alikanyaga sakafu, akaipapasa, akanusa kiganja. "Ahadi iliyotolewa ndani ya maji haifutwi," alisema. "Lakini huyu aligawa vitu vya watu. Kila mmoja ashike kilicho chake, akitaje kwa mdomo. Kitakachokosa mwenyewe ndicho kitakachoenda. Na mtu hajitaji. Hutajwa na mwenziwe."

Kagwe aliruka wa kwanza. Akakumbatia televisheni. "Yangu!" Mashine za kunyolea, zake. Kochi, lake. Suruali ya mpira, yake pia. Hakumtaja mkewe, hakumtaja mtoto.

Wayua alimkaza Ciku kifuani. "Huyu ni wangu." Akashika sufuria, kuku, mwiko, kitanda, na kila alipotaja, maji yalirudi nyuma kidogo, yakakusanyika, yakaizunguka miguu ya Kagwe.

"Na wewe?" Mutie alimuuliza Wayua. "Nani anakutaja?"

"Mama ni wangu," Ciku alisema.

Mutie akageuka polepole. "Na huyu bwana?"

Kagwe alimtazama mkewe. Ule mdomo wote wa Makongeni ulikuwa unatetemeka kama maziwa mgando. "Mama Ciku," alisema. "Sema basi. Mpenzi. Sema."

Wayua alimfuta mtoto kamasi. Akamfuta vizuri, pua zote mbili, na hakusema.

Walisikia chwa moja tu. Sakafu ikakauka, na pale alipokuwa amesimama Kagwe palikuwa na televisheni imelala kifudifudi.

Kesho yake alfajiri mwanamume alibisha hodi. Uso wa Kagwe, shati la Kagwe, mdomo mzima bila kovu. Akaamkia kwa heshima. Akachota maji bila kuambiwa, akafua nguo za mtoto. Kinyozini sasa hanyanyui sauti, ananyoa tu, na wateja wamejaa hadi nje. Ila hapepesi macho. Na ngege anamla na miba.

Mutie alipopita kuwasalimu, alimwona kutoka langoni, akamvuta Wayua kando.

"Mama, huyo si mumeo."

"Najua, Mzee."

"Mtoto amekwisha kutajwa, hawezi kumgusa. Lakini naweza kumfukuza leo hii."

Wayua aliangalia uani. Yule mtu alikuwa ameinama, anasugua sufuria kwa majivu hadi inameta.

"Ukimfukuza huyu, yule mwingine atarudi?"

"Lazima arudi. Ni mmoja kwa mmoja."

"Haiya," Wayua alisema, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa parachichi. "Hizi uwapelekee watu wa nyumbani. Na uende salama, Mzee. Kiangazi hiki njia ya kupita hapa ina vumbi sana, usijisumbue tena."