Shingo, Bega, Kiwiko, Kiuno

Sindano hakupewa jina hilo na mzazi. Alipewa na wateja wa mama yake, ambaye alikuwa fundi cherehani. Walimwona mtoto mwembamba, mwepesi, mwenye maneno ya kuchomachoma, wakasema huyu ni sindano hasa. Jina likamkaa kuliko lile alilozaliwa nalo.

Kila akitoka shule alimsaidia mama. Chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa duka. Dirishani palikuwa na cherehani, katikati meza ya kukatia, na ukutani kioo kilichopasuka pembeni. Mama alipima kwa futi yake, Sindano akaandika namba. Mama alianza na shingo ya mteja, akaenda begani, kisha kwenye kiwiko, kisha kiunoni. Hakubadilisha mpangilio huo hata siku moja, na Sindano aliujua hata akifumba macho.

Rafiki yake mkubwa alikuwa binti wa seremala wa mtaa wa pili. Shuleni walimwita Redio, kwa sababu hakuna aliyejua kitufe chake cha kuzimia kiko wapi. Walimu walimhamisha dawati hili na lile, lakini kila alipopelekwa, aliongea.

Basi mwaka wa mwisho wa shule ya msingi ulipofika ukingoni, Redio alinyamaza. Hakuna aliyemnyamazisha. Alikaa tu darasani akiuma kalamu, macho yamemtoka. Siku moja wakati wa mapumziko alimvuta Sindano nyuma ya tangi la maji. Akamwambia kwamba kwenye hesabu yeye ni wa kufeli, na kwamba baba yake ameshatoa kauli. Akifeli, anapelekwa mji wa mbali kwa baba yake mdogo mwenye hoteli, akaoshe vyombo. Begi la nguo limeshatolewa uvunguni na kufutwa vumbi.

"Nisaidie kwenye chumba cha mtihani," Redio alisema.

Sindano alitazama kushoto na kulia. "Tukikamatwa je?"

"Mama yako alipolazwa hospitali, ulilala kitanda cha nani?"

Sindano alilala kitanda cha Redio. Alikula kwao na kufuliwa nguo na mama yake Redio mpaka mama yake mwenyewe alipotoka wodini. Mtu akikukumbusha jambo kama hilo, unamjibu nini? Alikubali.

Tusimsingizie Redio. Yeye aliomba tu. Aliyebuni njia ni Sindano mwenyewe, na hapo ndipo akili zake nyingi zilipomponza. Mtihani ule ulikuwa wa kuchagua jibu moja kati ya manne. Redio angekaa nyuma yake. Kwa hiyo Sindano akigusa shingo, jibu ni A. Akigusa bega ni B, kiwiko ni C, kiuno ni D. Hakuna karatasi wala kunong'ona. Msimamizi ataona mtoto anajikuna tu.

Walifanya mazoezi mle mle dukani. Mama alikuwa amewapa kisogo, cherehani inanguruma. Redio alikaa kwenye benchi na maswali ya zamani, Sindano mbele yake akijigusa. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili mwalimu mkuu aliwasomea wanafunzi wote kanuni za mtihani, na kicheko kikaisha. Alisema anayepewa jibu na anayetoa jibu wote ni wadanganyifu. Wote wawili hufutiwa matokeo. Alisema hayo huku akitazama mbele, lakini Sindano aliona anatazamwa yeye.

Kuanzia hapo alikosa raha. Chakula kilikuwa hakipiti. Mlango ukigongwa alishtuka. Na mkono wake ukaanza kufanya kazi bila kutumwa. Akila, aligusa shingo. Akiongea na mteja, kiwiko. Darasani mwalimu alimwuliza swali akajikuta ameshika kiuno badala ya kujibu.

Mama aliona, akahitimisha kwamba mtoto ana upele. Hilo lilimtisha kuliko mwizi. Mteja gani atamletea kitambaa fundi mwenye upele nyumbani? Alichemsha mashuka. Alianika godoro juani na kupiga pasi kila nguo. Sindano aliendelea kujigusa. Mwisho mama alimshika mkono, akampeleka nyumba ya jirani kwa Nesi, mama mmoja wa makamo aliyefanya kazi kwenye zahanati.

"Shikamoo," Sindano alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Haya, unajikuna wapi?"

Sindano alionyesha. Shingo. Bega. Kiwiko. Kiuno.

Mama alicheka. Alisema huo si upele, huo ni mpangilio wake wa kupimia nguo. Kisha kicheko kikamkatikia njiani, akamtazama binti yake upya. Nesi naye aliipitisha mikono kwenye ngozi ya Sindano. Ilikuwa safi. Ila viganja vilikuwa vya baridi na vimelowa jasho, na mapigo ya moyo yalikwenda mbio.

"Ngozi yako nzima," Nesi alisema. "Unaogopa nini?"

Sindano alijikaza kisabuni, lakini wapi. Machozi yalimtoka, akaeleza yote. Mama alitafuta kiti akakaa. Alitaka kugomba, na alikuwa na haki. Nesi alimwomba kwa mkono angoje kidogo.

"Nikikataa, Redio anapelekwa kuosha vyombo," Sindano alisema. "Nikikubali, tunafutiwa wote. Nifanye nini?"

Nesi alitoa kipima joto kwenye mkoba wake. "Mtu akija zahanati ana homa, mimi nikamwandikia namba ya mtu mwenye afya, homa itashuka?"

"Hapana."

"Atakwenda nyumbani na homa yake, na hakuna atakayemtibu, maana karatasi inasema ni mzima. Mtihani nao ni kipimo. Ukimpa Redio majibu, anakwenda shule ya juu na homa ile ile. Huko hakuna bega lako la kutazama. Na hapo ni iwapo hamtakamatwa."

"Kwa hiyo nimwache?"

"Sijasema umwache. Nimesema usimpe jibu. Hebu niambie, hesabu gani hasa inamshinda?"

Sindano hakujua. Alikuwa amekula njama nzima ya kumsaidia mwenzake, na hakuwahi kumwuliza anashindwa wapi. Aliona aibu. Nesi akamwambia aende akaulize hilo kwanza, na aseme wazi kwamba ishara hazitakuwepo. Akamwambia pia kwamba mtoto akizidiwa na hofu ya mtihani, awaambie watu wazima mapema, mzazi au mwalimu, wakati bado kuna la kufanya.

Kusema ni rahisi. Njia yote ya kwenda kwa Redio, Sindano alitembea roho mkononi. Aliogopa kupoteza rafiki kuliko alivyomwogopa mwalimu mkuu. Alimkuta uani anafua, akamwambia. Redio hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Alimpa kisogo tu, akaendelea kusugua shati moja lile lile.

"Nimekuja kuuliza unashindwa wapi," Sindano alisema.

"Nenda kwenu."

Sindano alirudi kwao akilia barabarani bila kujali nani anamtazama.

Jioni hiyo mama na Nesi walikwenda kwa seremala. Sindano aliburutwa nao, akajibanza karibu na mlango. Seremala alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti iliyozoea kushindana na msumeno. Wakamweleza hofu ya Redio na zile ishara, akasikiliza. Kisha akasema neno lake ameshalisema, mtoto asiyejua hesabu atafute kazi. Sindano alitamani ardhi ipasuke immeze.

Lakini mama yake Redio, aliyekuwa na pacha mmoja mgongoni na mwingine mapajani, aliuliza jambo moja kwa upole. Zile sehemu, nusu na robo ambazo kila usiku humliza Redio, zilifundishwa lini? Sindano akajibu kwa woga kwamba zilifundishwa mwaka jana, muhula ule ambao Redio hakuja shule.

"Hakwenda shule kwa sababu nilijifungua," mama yake Redio alimwambia mumewe. "Ni sisi tuliomtoa darasani, baba watoto. Anaadhibiwa kwa kosa letu."

Seremala alimchukua yule pacha wa mapajani. Halafu akasema kuanzia kesho jioni binti asiguse kazi za nyumbani, aende akasome, na kama kuna wa kubeba mapacha, atabeba yeye. Kuhusu safari ya mjini hakusema kitu. Begi lilibaki pale pale.

Redio alikuja dukani kesho yake amenuna. Alikaa benchini bila salamu. Kwa bahati mama alikuwa anakata mapazia, na mabaki ya kitambaa yalijaa sakafuni. Sindano alichukua kipande kimoja, akakikunja mara mbili, akakifungua. Ikaonekana mikunjo, na sehemu nne zilizo sawa. Alimwuliza moja ni nini. Robo, Redio alijibu kwa shingo upande. Na tatu? Robo tatu. Kipande hiki chote kina robo ngapi?

Wakaendelea hivyo siku baada ya siku. Walikata, wakaunga, wakagawa. Mwalimu wa hesabu alipoelezwa, hakumkaripia mtu. Aliwapa maswali ya kujipima, akawaomba wamletee kila walilokosa. Walikosa mengi. Redio alilia mara kadhaa na kurusha kitambaa. Lakini jioni moja alimaliza swali peke yake, akaanza kueleza alivyolifanya. Akaeleza, akaeleza tena, mpaka mama akaomba anyamaze kidogo apate kuhesabu mishono yake. Redio ilikuwa imewaka.

Nesi alipita mara kwa mara na mashauri yake. Waanze na maswali wanayoyaweza, wasing'ang'anie moja mpaka muda uishe. Wale na walale vizuri kabla ya mtihani. Hofu ikiwabana, waweke kalamu chini, wavute pumzi polepole, kisha warudi kwenye swali. Hofu haimwui mtu, alisema, ila inamnyima kusoma kilicho mbele yake.

Siku ya mtihani ilifika. Chumba kilikuwa kimya, madawati yametenganishwa. Viatu vya msimamizi vililia sakafuni, vikaja, vikapita, vikarudi. Sindano aliandika vizuri mpaka katikati ya karatasi. Hapo akasikia kalamu ya Redio nyuma yake imesimama.

Alingoja ianze tena. Haikuanza. Alisikia Redio akivuta pumzi kwa shida. Na hapo hapo, kwa balaa gani sijui, bega likamwasha Sindano. Liliwasha kweli kweli, kama limepandwa na siafu. Akifikiri kujikuna, alimwona msimamizi. Akifikiri kuvumilia, aliliona lile begi. Jibu la swali alilijua. Mkono mmoja tu, mara moja tu, na nani angejua?

Aliweka viganja vyote viwili juu ya dawati, akavikandamiza. Viatu vilisimama kando yake. Vilikaa pale. Kisha vikaondoka.

Nyuma yake karatasi ilifunuliwa. Kalamu ya Redio ikaanza kukwaruza tena, kwanza kwa kusitasita, baadaye bila kusimama. Sindano alirudi kwenye karatasi yake na kukuta herufi zinachezacheza, maana macho yalikuwa yamejaa machozi.

Matokeo yalibandikwa ukutani. Sindano alifaulu, kama ilivyotarajiwa. Redio naye alifaulu. Hakuwa wa kwanza wala wa kumi. Alivuka mstari kwa alama chache, lakini alivuka. Walikwenda pamoja karakana kumwambia seremala, na njia nzima hakuna aliyethubutu kukimbia.

Seremala aliweka randa chini. Alisikiliza, akamtazama Sindano kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Huyu ndiye aliyekupa majibu?"

Redio alitikisa kichwa kukataa.

"Basi nijibu mimi," seremala alisema. Alipiga kofi ubao mrefu uliolala mezani. "Huu una mita tatu. Nataka vipande vya robo tatu ya mita. Natoa vingapi?"

Sindano alijua jibu, na alitazama sakafu ili uso wake usiseme kitu. Redio alifumba macho. Vidole vyake vilijikunja na kujikunjua kama vina kitambaa.

"Mita tatu ni robo kumi na mbili," alisema polepole. "Kila kipande kinakula robo tatu. Ni vipande vinne, baba. Na hakibaki kitu, kama msumeno wako hauli mbao."

Seremala alipima ubao kwa macho, midomo ikimchezacheza. "Kumbe hesabu unajua," alisema.

"Nilikuwa sijui," Redio alisema. "Sasa najua."

Seremala alijifuta vumbi la mbao mikononi, akatoa simu mfukoni, akampigia mdogo wake wa kule mjini. Alimwambia atafute mtu mwingine wa kuosha vyombo.