Kinusanzi Juu ya Bonde la Lwambe

Hebu niambie, umewahi kuona chombo cha chuma kikinusa? Kinusanzi kilinusa kweli. Kilikuwa na ukubwa wa bakuli la kukandia unga, mabawa manne membamba kama ganda la kitunguu, na chini yake pua ndefu ya nywele za kioo. Asubuhi ile kilipita juu ya miparachichi ya bonde la Lwambe, mti hadi mti, na Injinia Yusta Luvanda, aliyekiunda, alikifuata kwa macho mpaka shingo ikamuuma.

Kilikuwa kinamtafuta nzi wa matunda. Nzi huyo hutoboa tunda, hutaga mayai ndani, na kwa nje huoni kitu. Watu wa visiwa vya Sorelu, ambako parachichi zote za Lwambe zilipelekwa, walimwogopa kuliko homa. Masharti yao yalikuwa mengi. Tunda liwe na kikonyo chake, lisiwe na jani wala chembe ya udongo, na bonde zima lisiwe na mpera hata mmoja, kwa maana nzi huyo hupenda mapera kupita kiasi. Mipera ilikuwa imekatwa zamani, yote. Basi kila mavuno kinusanzi kikitulia kwenye meza ya kufungashia, ishara kwamba hakuna nzi, ndege-barafu hushuka kubeba mzigo kwenye ubaridi wake. Kisipotulia, bonde linafungwa msimu mzima na parachichi zinaozea kwenye makreti.

Siku hiyo hakikutulia.

Kilizunguka banda la kufungashia, kikaenda, kikarudi, kikazunguka tena. Yusta alifuta viganja kwenye sketi, akavifuta tena. Wachumaji waliacha kazi wakatazama juu.

"Injinia," akaita Kyando, mchumaji mwenye mdomo wake, "huyo ndege wako umemnywesha pombe ya ulanzi?"

"Niache, Kyando."

"Nakuacha. Ila nyumba yangu haijaezekwa, na bati lake lote liko kwenye haya makreti. Mwambie aache kucheza."

Kinusanzi kikashuka ghafla. Kilipita makreti, kikawapita wachumaji, kikasimama hewani mbele ya benchi alipokaa Mama Blandina, mama mzazi wa Yusta, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amefika. Miguuni pake palikuwa na kapu lililofunikwa kitenge.

"Mama," Yusta akasema polepole, "humo mna nini?"

"Chakula chako."

"Chakula gani?"

Mama akafunua. Yalikuwa mapera, ya manjano, yameiva mpaka banda zima likanukia. Kwao mama hamfuati mwanawe kazini mikono mitupu. Atasemwa mpaka kisimani. Kwa hiyo alfajiri alikuwa amevuka kilima kwenda kwa mdogo wake, nje ya bonde, akayachagua moja moja.

"Mlikataza miti," akasema, akiona macho yote yamemgeukia. "Kapu hamkulitaja."

Chombo kikanena, kwa sauti ya kike isiyo na haraka. "Funza wapo. Tajeni chanzo. Yakiwa ya bondeni, bonde linafungwa. Yakiwa yameletwa, aliyeyaleta anaondoka leo, na harudi bondeni mpaka misimu miwili ipite."

Yusta aliyajua maneno hayo. Aliyapanga mwenyewe, ofisini mjini, Wasorelu walipouliza mbeba-nzi afanyweje. Wakati ule aliwaza wachuuzi na madereva wa malori. Benchi hili la mbao na kitenge hiki havikumjia akilini.

"Ni yangu," akasema. "Nimeyaleta mimi."

"Muone!" Mama akacheka. "Tangu lini wewe umeshika kapu?"

Watu wakacheka naye, kisha kicheko kikakatika. Mama aliinuka, akaunyosha mgongo, akaikabili ile pua ya kioo.

"Ni mimi, Blandina. Nimeyatoa kwa mdogo wangu, huko nyuma ya kilima."

Kinusanzi kikamnusa viganja, kikavuta mapera, kapu na kitenge chake, kidogo kidogo, ndani ya tumbo lake la moto, halafu kikaenda kikatulia mezani, kimya. Ndege-barafu ikashuka na baridi yake. Hakuna aliyeshangilia. Kyando alivua kofia, akasema tu, "Mama, kuku wako nitawalisha mimi," akainama kubeba kreti.

Jioni wawili hao walipanda kilima kwenda kwa mama mdogo. Yusta alibeba mkeka na furushi, na mdomo wake haukutulia. Angewaandikia Wasorelu. Angerekebisha chombo. Angekuja kila Jumapili, na mama mdogo angeletewa godoro zuri, na kama wasingekubali angeacha kazi, ndiyo, angeacha kabisa. Mama alipanda mbele, hatua kwa hatua. Walipofika kwenye nguzo ya mpaka, taa yake ya buluu ikiwaka, akasimama apumue.

"Umemaliza?"

"Mama, sikujua. Nilidhani sheria ile itawashika wengine."

"Siku mliyokata mipera," mama akasema, "ulikuja uani kwangu na watu wa misumeno. Ukanieleza habari za nzi, ukanieleza habari za Sorelu. Nikasema sawa."

"Ndiyo. Ulisema sawa."

"Na ningesema sawa tena leo. Watu wanataka bati." Alichukua furushi kutoka mkononi mwa bintiye, akaliweka kichwani mwenyewe. "Lakini uliniambia tu, Yusta. Mimi nilitaka uniulize."