Mstari Ambao Rhobi Hakuusoma

Kila jioni Wankyo hukaanga sato mbele ya nyumba yao pale Nyasho, na mdogo wake Rhobi huwafungia wateja samaki. Jioni moja Rhobi alipewa kazi nyingine. Mikono ya dada yake ilikuwa imejaa mafuta, kwa hiyo Rhobi, mwanafunzi wa darasa la saba, alishika simu akamsomea kuhusu kozi ya saikolojia katika vyuo vikuu vitatu: kimoja Dodoma, kimoja Uganda na kimoja India.

Haikuwa kazi ya mchezo. Mjomba wao Bernado, wa Bunda, aliahidi kumlipia Wankyo karo popote atakapochagua, lakini alitaka jibu usiku huohuo. Mke wa mjomba, Adventina, aliacha kuzungumza tangu mtoto wao alipofariki. Majirani walisema amerogwa. Wankyo hakuamini hivyo. Alitaka kujifunza namna ya kuwasaidia watu kama Adventina, ndiyo maana alitafuta chuo kinachowapeleka wanafunzi hospitalini, wakae na wagonjwa wenyewe.

Rhobi akasoma. Dodoma, mafunzo ya vitendo miezi miwili. Uganda, miezi miwili vilevile. Cha India, aliona kabla hajatamka, ni mwaka mzima hospitalini. Hapo ulimi ukawa mzito. India! Dada angerudi lini? Nani angemsuka, nani angepiga naye soga kitandani? Basi akasema cha India ni darasani tu, mwanzo hadi mwisho.

"Hicho tuachane nacho," Wankyo alisema, akageuza samaki.

Jamani, mwongo hana raha! Rhobi alitumwa chumvi, akaleta kiberiti. Alikaa, akasimama, akaenda uani, akarudi bila kujua alifuata nini. Walipokaa kula, alimega tonge akalirudisha sahanini.

"Wewe ugali unamalizaga kabla yetu," mama yao, Matrida, alisema. "Leo kuna nini?"

Rhobi alisingizia tumbo. Mama hakumuuliza tena, na huko kuaminiwa kukamchoma zaidi.

Baada ya chakula Wankyo alichukua simu ampigie mjomba. Alisema atachagua Dodoma, kwa kuwa ni hapahapa nchini, ingawa aliona miezi miwili haitoshi. Alisema hivyo kinyonge, kama mtu aliyekwisha kukata tamaa. Rhobi hakuweza kuvumilia.

"Dada, usipige. Nilikudanganya. Cha India kina mwaka mzima hospitalini. Sikutaka uende."

Wankyo alikasirika hasa. Alimwuliza kama alitaka amalize chuo, arudi, akae mbele ya mke wa mjomba asijue hata pa kuanzia. Kisha akasoma mwenyewe, taratibu, kila mstari. Alipompigia mjomba, alimwambia amechagua India. Rhobi akaanza kulia.

Mama akamwita akae karibu naye.

"Mtu akikuomba umsomee, amekukabidhi macho yake," alisema. "Huna ruhusa ya kuyafumba. Kama unampenda, msomee yote, hata lile linalokuuma. Halafu mwambie kwamba linakuuma. Kuumia si kosa, mwanangu. Kosa ni kuficha."

Rhobi alifuta machozi, akamgeukia dada yake.

"Dada, inaniuma."

Wankyo akamvuta karibu.

"Hata mimi," akasema.