Nilimsifu Bi Mwana Mbele ya Wakubwa

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili, mkaazi wa Chukwani. Miaka ishirini nimeimaliza nikitandika vitanda katika hoteli moja ya Mbweni, mali ya kampuni kubwa yenye hoteli kadhaa hapa Unguja. Sikuiba, wala sikuvunja ndoa ya mtu. Kosa langu ni kusema ukweli mbele ya watu wasiostahili kuujua, tena kwa majivuno... na mpaka leo sijui uso wangu niuweke wapi.

Nilipoajiriwa nilipokewa na Bi Mwana, mtandikaji mkongwe kuliko sote, aliyeshika pia funguo za stoo ya shuka. Yeye ndiye aliyenifundisha kukunja pembe za shuka, kubisha hodi mara tatu, na kufunga mdomo.

Kila asubuhi, kabla msimamizi hajafika, tulikutana stoo na Bi Mwana akatuuliza mmoja mmoja ameamkaje. Nani ana mimba, nani mwanawe ana homa, nani mgongo umemkaza. Kisha akagawa vyumba kwa hali zetu. Kwenye karatasi ya ofisi kila mmoja alikuwa na vyumba kumi na vinne. Ukweli wake, huyu alifanya kumi na sita, yule tisa, na wiki ya pili mambo yakageuka.

Bi Mwana mwenyewe magoti yalikuwa yameshakataa ngazi. Vyumba vyake vya kwenye karatasi tuligawana, kimoja kimoja, na yeye akabaki stoo akikunja mataulo na kutupangia. Tulimaliza kazi mapema kuliko hoteli zote za kampuni, na hakuna mkubwa aliyejua kwa nini.

Mimba yangu ya kwanza, nilipokuwa natapika mpaka nyongo, miezi mitatu nilibebwa hivyo hivyo. Je, nilisahau? Sikusahau. Ndiyo maana inauma.

Mwaka juzi makao makuu, kule Mji Mkongwe, wakaanzisha kampeni waliyoiita Vunja Mazoea. Tukapewa fulana. Bwana Nassir, kijana aliyeletwa kusimamia ubunifu, alizunguka hoteli zote akisema kampuni kubwa hufa kwa woga, na kwamba mfagizi anaweza kuwa na wazo ambalo mkurugenzi hana. Tuseme bila hofu, hakuna atakayedhurika. Mimi katika umri wangu wote hakuna mwenye tai aliyewahi kuniuliza naonaje! Nilihisi nimeota mbawa.

Kwetu, jambo la mtu huombewa ruhusa kwanza kwa mwenyewe. Ilikuwa niende kwa Bi Mwana, nikae chini, nimweleze. Sikwenda. Nilijidanganya kwamba nataka limjie ghafla, afurahi.

Siku ya kutoa mawazo nilisimama mbele ya wakubwa saba, nikaeleza tunavyopangana wenyewe na kazi inavyokwisha mapema. Wakapiga makofi. Mmoja akauliza ni nani anayepanga. Ulimi uliponza kichwa... Nikamtaja Bi Mwana, nikamsifu, nikasema ana akili hata kitanda hatandiki, huu mwaka wa sita, na kazi haijalala hata siku moja. Nilidhani namvisha taji. Bwana Nassir alikuwa anaandika.

Wazo langu likashinda. Picha yangu ikabandikwa ukutani na nikaitwa balozi wa ubunifu. Vyumba vyangu kumi na vinne vikabaki pale pale.

Baada ya miezi miwili tukapewa simu. Ndani mna programu inayogawa vyumba, na eti ndilo wazo langu hilo! Ukiingia chumbani unabonyeza, ukitoka unabonyeza. Zuhura, mwenzetu, alikuwa na mimba ya miezi saba, lakini chumba chake hakikukubali simu yangu. Nilijaribu kumfanyia kimoja, ikanikatalia. Kuulizana mtu ameamkaje hakumo kabisa mle ndani.

Na jina la Bi Mwana likatokea halina chumba hata kimoja. Aliitwa ofisini saa nne. Saa sita alikuwa ameshakabidhi funguo za stoo.

Nilikwenda Mji Mkongwe. Bwana Nassir alinipokea vizuri, akaniagizia kahawa. Nikamwambia wazo lile bila Bi Mwana si lile tena. Alinisikiliza kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Dada yangu," akasema, "sisi tulikuwa hatujui kama yupo mtu hafanyi kazi. Wewe ndiye uliyetufungua macho."

Nikamwambia mimi sikusema hafanyi kazi. Akanisomea maneno yangu mwenyewe, yote kayaandika. Nikalie kwa nani?

Aibu ilinichelewesha wiki tatu kwenda kwa Bi Mwana. Nilimkuta barazani kwake, nikapiga magoti, nikamwamkia na kumwomba radhi.

"Marahaba, mwanangu," alinijibu. "Nshakusamehe, usilie. Lakini hukuniuliza. Ungeniuliza, ningekwambia mambo yetu yalikuwa mazima kwa sababu wao walikuwa hawayajui."

Kisha akataka kujua hali ya Zuhura, na ni nani anamsaidia. Ilibidi nimwambie kweli. Hakuna aliyekuwa akimsaidia.

Wasomaji wenzangu, hasa mlioajiriwa kwenye makampuni makubwa, mkiambiwa vunjeni mazoea, tazameni kwanza mazoea hayo yamembeba nani. Msitoe cha wenzenu kwa tamaa ya kupigiwa makofi, kama nilivyofanya mimi.

Kuacha kazi siwezi. Watoto wako skuli na baba yao ameshaoa kwengine. Kwa hiyo kampeni ikifika hoteli nyengine ya kampuni naitwa, navaa fulana, nasimulia wazo langu lilivyoshinda, nawaambia watu wasiogope. Nafanya hivyo huku moyo unanisuta.

Wiki iliyopita msichana mmoja wa jikoni alinifuata baada ya mkutano. Akaninong'oneza kwamba wao jikoni wana namna yao ya kupeana zamu, meneja haijui, na anaona ingeshinda. Meneja alikuwa amesimama mlangoni ananitazama... Nikatabasamu, nikampa fomu ya kuandikia wazo lake.

Mdogo wangu, kama unasoma hapa, usiijaze. Nakuomba, usiijaze.